Landilodi mpya wa seva: Kwa nini bei ya VMware inakuhusu hata kama hujawahi kuisikia

Tuseme unaishi kwenye ploti moja huko Umoja. Bedsita yako si kubwa, lakini maji yapo, keretaka mnaelewana na kodi haijapanda tangu uingie. Asubuhi moja unakuta karatasi chini ya mlango: ploti imeuzwa. Landilodi mpya anasema kuanzia sasa hakodishi bedsita peke yake. Lazima uchukue chumba, nafasi ya kuegesha gari na duka la chini, vyote kwa bei moja. Wewe huna gari. Huna hata bidhaa za kuweka dukani. Lipa ama hama.

Hivyo ndivyo mambo yalivyowaendea wateja wa programu inayoitwa VMware. Najua unajiuliza, "Hiyo nayo inanihusu nini?" Subiri kidogo. Kwa zaidi ya miaka 20, programu hii imekuwa sakafu ambayo mabenki, hospitali, vyuo na idara za serikali kote duniani zimesimamishia mifumo yao. Wewe huioni, jinsi usivyoiona bomba ya maji iliyo ndani ya ukuta. Ila bomba hiyo ikipasuka, au mwenye nayo akibadilisha bei, ni wewe utakayeulizwa pesa mwishowe.

Seva moja, wapangaji wengi

Acha nieleze kwanza kitu chenyewe, manake bila hiyo stori haishiki.

Zamani kampuni ilikuwa inanunua seva moja kwa kila kazi. Barua pepe seva yake, hesabu za pesa seva yake, tovuti seva yake. Programu zikiwekwa pamoja zilikuwa zinagombana, na moja ikianguka inaangusha na jirani. Matokeo yake ni chumba kilichojaa mashine, kila moja ikila stima na kutaka ubaridi wa AC, na muda mwingi haifanyi kazi ya maana. Ni kama kumpa kila mpangaji ploti nzima halafu alale kwenye kona moja.

Dawa yake ni programu inayoitwa haipavaiza. Inakaa juu ya chuma chenyewe na kukigawa vyumba. Kila chumba ni mashine pepe: ina mgao wake wa prosesa, RAM, diski na hata kadi yake ya mtandao, na inaamini iko peke yake duniani. Windows inaweza kuishi chumba cha kwanza na Linux chumba cha pili bila kujuana. Moja ikiharibika, jirani hasikii kitu. Na kwa kuwa diski ya mashine pepe huwa ni faili tu, unaweza kuinakili, kuihifadhi au kuihamishia kwenye seva nyingine.

Wazo lenyewe si jipya. IBM walikuwa wakifanya hivi kwenye kompyuta zao kubwa tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakatoa mfumo wa VM/370 kwa wateja. Shida ilikuwa prosesa za kawaida za Intel, zile zilizo kwenye kompyuta nyingi. Wengi waliamini haziwezi kugawanywa vizuri namna hiyo. Mwaka 1998 Diane Greene, mumewe Mendel Rosenblum aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Stanford, na wenzao watatu wakaanzisha VMware kule California na kuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 1999 wakatoa programu ya kompyuta za mezani, na 2001 ya seva. Kufikia 2003 walikuwa na uwezo uliowashangaza watu: kuhamisha mashine pepe kutoka seva moja hadi nyingine ikiwa bado inafanya kazi, bila mtumiaji kugundua.

Hebu fikiria. Unamhamisha mpangaji na kitanda chake, na haamki. Nani angekataa kulipia hiyo?

Ploti inabadilisha mikono mara nne

VMware imepita mikono mingi. Mwaka 2004 kampuni ya EMC iliinunua kwa dola milioni 635. Mwaka 2016 Dell ikainunua EMC, na VMware ikaenda naye kama mtoto anayemfuata mama kwa ndoa mpya. Mwaka 2021 Dell ikaiachilia ijisimamie. Miezi michache tu baadaye, Mei 2022, Broadcom ikatangaza itainunua kwa dola bilioni 61. Baada ya vuta nikuvute na mashirika ya kusimamia ushindani wa biashara, dili ilikamilika Novemba 22, 2023.

Broadcom ni kampuni ya kutengeneza chipu inayoongozwa na Hock Tan, mzaliwa wa Malaysia. Tayari ilikuwa imenunua kampuni za programu: CA Technologies mwaka 2018 na kitengo cha biashara cha Symantec mwaka 2019. Waliofuatilia walijua mtindo wake. Huwa inawashikilia wateja wakubwa wasioweza kuhama kwa urahisi, inapunguza orodha ya bidhaa na kukaza bei. Kwa hivyo wengine walianza kufunga mizigo hata kabla dili haijakamilika.

Hawakukosea. Desemba 2023, hata mwezi haujaisha tangu kununua, Broadcom ilisitisha kuuza leseni za kudumu. Hapo awali ulikuwa unanunua programu mara moja, inakuwa yako, halafu unalipia msaada wa kiufundi na masasisho kando. Sasa ni kulipa kila mwaka kama kodi ya nyumba. Bidhaa nyingi zilizokuwa zikiuzwa moja moja ziliunganishwa kuwa vifurushi vichache. Bei inahesabiwa kwa kori za prosesa, na kila prosesa inahesabiwa angalau kori 16 hata kama yako ina 8. Mwanzoni mwa 2024 mpango wa mawakala ulivunjwa, na walioteuliwa tu ndio wakaalikwa upya. Februari mwaka huo hata toleo la bure la ESXi, haipavaiza ambayo wengi wetu tulijifunzia, likaondolewa. Lilirudishwa Aprili 2025, lakini kufikia hapo wengi walikuwa wameshazoea kwingine.

Usidhani ni wadogo tu walioumia. Agosti 2024 kampuni kubwa ya simu ya Marekani, AT&T, iliishtaki Broadcom huko New York. Ilisema inaendesha takriban mashine pepe 75,000 kwenye seva zipatazo 8,600, na kwamba Broadcom ilikuwa inakataa kuendelea kuipa msaada wa kiufundi hadi ikubali vifurushi vipya. Barua pepe iliyowasilishwa kwenye kesi hiyo ilidai nyongeza iliyopendekezwa ilikuwa asilimia 1,050. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano kabla mwaka kuisha. Lakini jiulize: kama kampuni yenye mawakili wa kiwango hicho ilipiga kelele hivyo, sacco yenye seva mbili itafanya nini?

Tuwe waungwana pia, tusikize upande wa pili. Broadcom inasema kampuni nyingi za programu zilishahamia malipo ya kila mwaka kitambo, na hilo ni kweli. Inasema orodha ya zamani ya bidhaa ilikuwa msitu ambao hata wauzaji walipotea ndani yake, na hilo pia ni kweli. Tena bei iliyotangazwa ya kifurushi kikubwa kabisa, VMware Cloud Foundation, ilipunguzwa kwa nusu. Kwa kampuni iliyokuwa ikitumia vitu vyote vilivyomo, huenda hesabu ikaingiana. Shida ni yule aliyetaka bedsita tu.

"Si wahame tu?"

Hapa ndipo watu hukosea. Kuhama seva si kuhama kutoka Facebook kwenda TikTok.

Kwanza, mashine pepe huwa zimefungamana na vitu vingine: mfumo wa kuhifadhi nakala, mfumo wa ulinzi, diski za pamoja, mtandao. Ukitoa sakafu, lazima ushikilie kila kilicho juu yake. Pili, mafundi waliosomea VMware kwa miaka 15 hawawezi kuamka wataalamu wa kitu kingine. Tatu, mifumo ya biashara hailali. Huwezi kuzima hospitali wiki nzima ati unabadilisha haipavaiza.

Na ukisema utabaki na leseni yako ya zamani ya kudumu? Ni haki yako. Ila mkataba wa msaada ukiisha, masasisho nayo yanaisha. Februari 2023, wadukuzi walivamia maelfu ya seva za ESXi duniani kwa shambulio lililoitwa ESXiArgs, wakifunga mafaili na kudai fidia. Tundu walilotumia lilikuwa limezibwa na VMware miaka miwili nyuma, Februari 2021. Walioumia walikuwa hawajaweka sasisho hilo. Sasa ongeza hili: Oktoba 2, 2025 msaada wa kawaida wa toleo la vSphere 7 ulifika mwisho. Mwenye kubaki hapo bila mpango ana nyumba yake mwenyewe, lakini fundi wa kufuli haji tena.

Na kwetu sisi kuna tatizo la ziada ambalo Mmarekani halijui: dola. Programu hizi huuzwa kwa dola. Kumbuka Januari 2024 shilingi ilivyokuwa imelala chini, dola moja ikibadilishwa kwa takriban Sh160. Huo ndio wakati wateja walikuwa wakipewa bei mpya za kila mwaka. Baadaye shilingi ilipata nguvu na kutulia karibu Sh129, lakini funzo lilibaki. Ukinunua leseni ya kudumu, dola inakuuma mara moja. Ukiwa kwenye kodi ya kila mwaka, inakuuma kila mwaka, na hujui mwaka ujao itakuwa na meno mangapi.

Wiki tuliyohama

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa kupatikana, na sitakudanganya ati nilikuwa na maono makubwa kama Bill Gates. Nilirudi nyumbani na kukaa. Nikanunua kompyuta ya ex-UK kule Luthuli Avenue, nikaongeza RAM ikafika GB 16, nikaanza kuchezea mashine pepe usiku, kwa sababu video za mafunzo zilikuwa bure na usiku bando huwa bei nafuu.

Baadaye kampuni moja ya kusambaza bidhaa huko Viwandani ilinichukua kama kibarua wa IT. Fundi mkuu tulimwita Baba Shiko, mzee wa makamo aliyekuwa ameanza kazi hiyo wakati mimi niko nasari. Walikuwa na seva mbili na mashine pepe tisa. Siku moja aliniita akanionyesha bei mpya ya leseni kwenye skrini yake. Hakusema kitu. Akaivua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

Mkurugenzi alipoiona akauliza swali moja tu: "Hii inatuletea nini ambacho hatuna sasa?" Jibu lilikuwa: hakuna. Hiyo pesa ilikuwa mshahara wa mtu, na kwenye idara ya watu wawili, mtu huyo ningekuwa mimi.

Nikasema, "Mzee, mimi nyumbani natumia Proxmox." Baba Shiko akaniangalia kama nimemwambia natibu meno kwa YouTube. Lakini akanipa seva moja kuukuu iliyokuwa stoo na wiki mbili.

Tuliyahama yote kwa wikendi tatu. Tulianza na mashine zisizo na maana sana, na zilienda vizuri, manake Proxmox kufikia hapo ilikuwa imeongeza njia ya kuvuta mashine pepe moja kwa moja kutoka ESXi. Nikaanza kujiona. Halafu ikafika zamu ya mashine ya ankara, ile inayowasiliana na eTIMS ya KRA. Bila hiyo, Jumatatu lori halitoki getini.

Windows ikakataa kuwaka. Skrini ya buluu. Ilikuwa haina dreva za diski ya aina mpya, kwa hivyo haikuiona diski yake yenyewe. Tukaiwekea diski ya aina ya SATA kwanza, ikawaka, tukaweka dreva za VirtIO, halafu tukaibadilisha. Ikawaka tena, lakini mtandao haupo: kwake ile kadi ya mtandao ilikuwa mpya, anwani ya IP ya zamani imebaki na kadi iliyoondoka. Tukairudisha kwa mkono. Ilipofika saa saba usiku, programu ya hesabu ikagoma, ikisema leseni yake si halali. Kumbe ilikuwa imefungwa kwa anwani ya MAC ya kadi ile ya zamani. Baba Shiko ndiye aliyekumbuka. Aliitoa kwenye kitabu chake cha kumbukumbu, kilichoandikwa kwa kalamu, tukaiandika kwenye mashine mpya. Ikafunguka.

Ningekuwa peke yangu, Jumatatu ingenikuta bado naiangalia ile skrini. Yeye naye angekuwa peke yake, wangelipa ile bei. Nafikiria hilo kila nikisikia watu wakisema ati vijana wa tech hawahitaji wazee, au wazee ati teknolojia imewapita.

Sakafu isiyo na landilodi mmoja

Proxmox inatengenezwa Vienna, Austria, na toleo lake la kwanza lilitoka 2008. Ndani yake kuna KVM, haipavaiza huria iliyoingizwa ndani ya Linux mwaka 2007. Usiione ndogo: Google wanaitumia kwenye wingu lao, na Amazon wamejengea juu yake mfumo wao wa Nitro. Kuna pia XCP-ng kutoka Ufaransa, inayotokana na Xen, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Na kuhusu Xen kuna jambo ambalo kila kijana Mwafrika anafaa kulijua. Amazon ilipozindua EC2 mwaka 2006, huduma iliyoufanya ulimwengu uanze kukodi seva kwa saa, kazi hiyo ilikuwa imefanywa na kundi dogo la wahandisi Cape Town, Afrika Kusini, wakitumia Xen. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita wingu ilianza kuandikwa kwenye bara hili. Kodi yake ndiyo inakusanywa kwingine.

Lakini nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Huria si bure. Hulipi leseni, lakini unalipa mtu anayejua, na huyo mtu akiondoka bila kuandika chochote, mko taabani kuliko mwanzo. Baadhi ya programu za biashara bado hazitambui haipavaiza hizi rasmi. Ukiwa na maelfu ya mashine pepe na unatumia kila kitu kilicho ndani ya kifurushi cha VMware, huenda kubaki ndiko kuna akili. Kuna maana kubwa pia ya kulipia msaada wa kiufundi wa Proxmox au XCP-ng badala ya kutegemea bahati. Tofauti ni kwamba ukishindwa kulipa, hakuna anayebadilisha kufuli.

Hapa Kenya tumekuwa tukizungumza sana kuhusu data yetu kukaa nyumbani. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kituo cha kitaifa cha data kiko Konza. Mwaka 2015 seva za M-Pesa zilitolewa Ujerumani zikaletwa hapa, na ilikuwa habari kubwa. Hayo ni mazuri. Lakini seva inaweza kuwa Konza na ufunguo wa sakafu yake ukawa California. Mahali chuma kilipo ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni nani anaweza kukuamulia bei wakati huna pa kwenda.

Kwa hivyo kama wewe ni bosi, afisa wa kaunti au mwanakamati wa sacco, kabla hujatia sahihi mkataba wowote wa programu uliza mambo matatu. Tukitaka kuhama, itachukua muda gani na pesa ngapi? Bei ya mwaka wa tatu imeandikwa wapi? Tukiacha kulipa, ni nini kitazimika siku hiyo hiyo? Muuzaji akianza kuzungukazunguka, hilo ndilo jibu.

Na kama wewe ni kijana uliye nyumbani na cheti nusu kama mimi, kazi ya kuhamisha hizi mashine ipo sasa hivi, na haiulizi ulimaliza mwaka wa ngapi. Tafuta ex-UK yenye RAM ya kutosha. Ingia kwenye BIOS uwashe VT-x, au AMD-V kama prosesa ni ya AMD. Weka Proxmox. Unda mashine pepe tatu, ziharibu kimakusudi, halafu uzirudishe kutoka kwa nakala ulizohifadhi. Nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha usiiite nakala. Halafu tafuta Baba Shiko wako, umkalie karibu.

Yeye alistaafu mwaka huu. Siku ya mwisho aliniachia kile kitabu cha kumbukumbu. Sasa naandika ndani yake, kwa kalamu.